Vyama vya wanafunzi wa uzamili wa biashara Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa kwenye steji ya matatu, kwenye foleni ya benki, na mara nyingi zaidi kwa simu baada ya isha, watoto wakishalala. Wanaouliza ni watu wanaosoma MBA, yaani huo uzamili wa biashara, huku wakifanya kazi hapa Malindi: wahasibu wa hoteli, maafisa wa mikopo, walimu, wauguzi waliopewa usimamizi, vijana wa viwanda vya chumvi vya Gongoni. Nami nilisoma hivyo hivyo, wiki nzima kazini na Jumamosi darasani, nikawa mweka hazina na baadaye katibu wa chama chetu kidogo. Nayajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana.

Mnaposema chama cha wanafunzi wa uzamili wa biashara, mnamaanisha kipi?

Viko vya namna tatu na watu huvichanganya. Kuna chama cha wanafunzi wote wa chuo, kile kinachotambuliwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya 2012. Tangu sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho 2016, viongozi wake hawapigiwi kura moja kwa moja na kila mwanafunzi. Wanafunzi wa kila idara au kitivo huchagua wajumbe, na wajumbe hao ndio wanaochagua viongozi. Wewe wa uzamili umo ndani kwa sababu tu umesajiliwa chuoni. Lakini wanaokiongoza kwa kawaida ni wa shahada ya kwanza, na yanayowashughulisha ni mabweni, chakula na mikopo ya masomo. Siwalaumu, ndiyo maisha yanayowabana.

Kuna klabu za kitivo: ya fedha, ya masoko, ya ujasiriamali, ya ushauri wa biashara. Katika vyuo vikubwa vya Marekani, ambako Harvard ilianza kufundisha MBA mwaka 1908, klabu za namna hii huwaleta waajiri chuoni, na mwanafunzi wa kutwa huingia mbili tatu kwa pamoja. Cha tatu ndicho nitakachokizungumzia zaidi: kikundi cha wanafunzi wa vyuo mbalimbali wanaoishi mji mmoja.

Kwa nini tuwe na chetu Malindi, ilhali kila mtu ana chuo chake?

Kwa sababu ya barabara. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kama kilomita 60. Mombasa, kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi na matawi ya vyuo vya bara, ni kama kilomita 120. Anayesoma Mombasa, na kipindi chake ni saa mbili asubuhi, hutoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri. Kipindi cha mwisho kikiisha anakimbilia matatu. Yale yanayopita chuoni kati ya vipindi, pale watu wanapoulizana msimamizi gani hujibu barua pepe na nani amepata data ya namna gani, yeye hayasikii. Na jirani yake wa Maweni au Barani anasoma chuo kingine, ana shida hizo hizo, na hawajuani. Chama cha mji huwakutanisha hao wawili.

Nina kazi, nina watoto, nina masomo. Chama si mzigo mwingine?

Kikiwa cha fulana na hotuba, ndiyo, ni mzigo, na nakushauri usiingie.

Lakini nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Masomo ya darasani watu humaliza. Kuna mtihani, kuna tarehe, kuna mwalimu mbele yako. Wanapokwama ni kwenye tasnifu, kwa sababu huko hakuna anayekuita. Mwezi wa kwanza unasema unapumzika. Wa pili hoteli imejaa wageni. Wa tatu msimamizi amesafiri. Ukija kushtuka mwaka umekatika, na chuo bado kinadai ada ya kukuweka kwenye orodha. Ukimuuliza mtu "umefika wapi?" anakujibu "bado naandika", na nyote wawili mnajua hajafungua faili tangu Maulidi.

Kazi ya chama ninayoithamini kuliko zote ni hii: kila mwezi kuna mtu anazisubiri kurasa zako. Hata ziwe mbili. Hakupi alama, hana cheo juu yako, ila atazisoma mpaka mwisho na kukuambia "hapa sikukuelewa". Dada mmoja mhasibu alitujia akiwa amekaa na pendekezo lake la utafiti miezi minane. Alidhani hajui takwimu. Tulipolisoma tukaona swali lake lilikuwa maswali manne yaliyofungwa kifurushi kimoja: mikopo, faida, jinsia ya mwenye biashara, na simu za mkononi. Tulikaa naye kibarazani saa nzima tukiyafungua moja moja, akachagua la mikopo, matatu akayaacha. Takwimu alikuwa anazijua tangu mwanzo.

Hoteli zimechoka na hojaji zetu. Chama kinaweza kufanya nini?

Hili linanigusa. Nilipokuwa nakusanya data yangu nilikwenda kwa meneja mmoja wa wafanyakazi, katika hoteli ya upande wa Casuarina. Alinikaribisha, akaniletea maji, kisha akavuta droo ya chini ya meza yake. Zilikuwamo hojaji za wanafunzi kumi na wawili, nyingine zimebanwa kwa pini zilizoshika kutu kwa hewa ya bahari. Akaniambia, "Ndugu yangu, zote hizi zinawauliza wafanyakazi wangu kama wameridhika na kazi. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia alichokipata." Sikumwachia yangu siku ile. Niliona haya.

Chama kilipoanza, kitu cha kwanza tulichonunua kilikuwa daftari. Ndani yake tunaandika nani anafanya utafiti wapi, mada gani, mwezi gani. Hoteli moja haipelekewi wanafunzi wawili msimu mmoja. Wenye mada zinazokaribiana hukaa wakapunguza maswali, ili mfanyakazi aliyetoka zamu ya usiku asijazishwe kurasa sita. Na kila anayemaliza anarudi pale alipokusanyia na ukurasa mmoja wa alichokiona, kwa lugha ambayo mwenye hoteli anaisoma; Malindi hii maana yake wakati mwingine ni Kiitaliano, na wapo vijana wetu wanaokiandika vizuri. Huo ukurasa mmoja umetufungulia milango ambayo barua za chuo hazikuifungua.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kila mtu achukue chake kabla ya kumuuliza mtu yeyote swali la kwanza. Chama hakina uwezo wa kukukopesha kibali cha mwenzako.

Tukiwa hapo hapo, kuna kosa ambalo wasimamizi walio mbali na mwambao hulipita bila kuliona. Wengi wetu tunatafuta ukubwa wa sampuli kwa kanuni ya Yamane ya 1967: idadi ya watu unaowachunguza, unaigawa kwa moja ukijumlisha idadi hiyo hiyo mara mraba wa kosa unaloliruhusu. Wafanyakazi 400, kosa la asilimia 5, unapata 200. Hesabu iko sawa. Lakini hao 400 ni wa Desemba. Masika yakianza wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga kabisa, na vibarua wa msimu hurudi kwao Marafa na Ganze. Ukienda Mei na orodha ya Desemba utawakuta wale wa kudumu peke yao, kisha utaandika kwamba wafanyakazi wa hoteli za Malindi wana uhakika wa ajira. Wenzako wa hapa watakuambia hilo mapema, kwa sababu wao wenyewe au ndugu zao ndio waliorudi Ganze.

Mnazungumza Kiswahili au Kiingereza?

Tasnifu inaandikwa Kiingereza, mjadala ni Kiswahili. Tulijaribu kuendesha mikutano kwa Kiingereza muhula mmoja, na watu wawili wenye mawazo makali kuliko wote wakawa kimya. Tuliporudi kwenye Kiswahili wakazungumza.

Na hojaji ya wafanyakazi lazima iwe ya Kiswahili, tena ijaribiwe kwa watu watano sita kabla haijapelekwa. Mwenzetu aliuliza "Je, motisha unayopata kazini inatosha?" akitaka kujua juu ya ari, sifa na kutambuliwa. Wahudumu wote walimjibu kuhusu pesa, kwa sababu kwao motisha ni ile bahasha ya mwisho wa mwezi juu ya mshahara. Alibadilisha swali, akaanza upya. Angejaribisha mapema, asingepoteza wiki tatu.

Tukutane lini? Kila wiki kuna mtu hawezi.

Fuateni kalenda ya mji, ya chuo haitawafaa. Kuanzia Desemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti, watu wa hoteli hawana nafasi. Wakati huo mkutano uwe mfupi na wasiofika wasilaumiwe. Aprili hadi Juni ndio wakati wa kazi nzito, kwa sababu mikono iko mitupu na vichwa vimetulia. Ni bahati mbaya kwamba huo pia ni wakati ambapo mifuko imekauka, kwa hiyo michango tunaikusanya msimu wa wageni na kuitumia masika. Ramadhani tunakutana baada ya tarawehe, au tunaahirisha kabisa.

Jumamosi ni ya darasa. Sisi tulitulia kwenye Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi na nusu jioni, wa kanisani wamesharudi na wa msikitini wameshaswali alasiri. Kina mama waje na watoto. Mkeka wa pili unatandikwa pembeni.

Je, ni lazima tusajiliwe?

Mkiwa watano mnaosomeana kazi, ninyi ni marafiki mnaokutana, haina haja. Mkifika kumi na kuanza kushika pesa za watu, nendeni mkasajiliwe. Kikundi cha mji huandikishwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na kumi ndiyo idadi ya chini inayokubaliwa. Cha ndani ya chuo huanzia kwa ofisi inayosimamia masuala ya wanafunzi, nayo itataka katiba, majina ya viongozi na mhadhiri wa kuwa mlezi.

Katiba iwe fupi. Neno moja la kuangaliwa sana ni akidi, yaani idadi ya wanachama wanaotakiwa kuwapo ndipo uamuzi upite. Sisi tuliandika theluthi mbili kwa sababu ilionekana ya heshima, tukakaa miezi bila kuweza kupitisha hata bei ya chai, maana watu wa zamu hawawezi kukutana wote siku moja. Tuliishusha hadi theluthi moja. Uongozi uwe wa mwaka mmoja, na anayetaka kurudi arudi mara moja tu.

Pesa zishikwe vipi?

Hili nalijibu kwa uzito, kwa sababu lilituvunjia mtu.

Mweka hazina aliyenitangulia alikuwa mwaminifu kama mizani ya dhahabu. Michango ilikuwa inaingia kwenye laini ya M-Pesa yenye jina lake, na hakuna aliyeona tatizo. Mwajiri wake akamhamishia bara ghafla, na njiani simu ikaibwa. Pesa zilirudi zote, shilingi kwa shilingi, ila ilichukua wiki sita, na katika hizo wiki sita yalishasemwa kwenye kundi maneno ambayo hayafutiki. Aliturudishia pesa na daftari, akaaga, hakutujia tena. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu sote tulioweka mali ya watu ishirini kwenye mfuko wa shati la mtu mmoja.

Tangu hapo tuna akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na wawili lazima watie ndipo pesa zitoke. Kila mwisho wa mwezi taarifa ya benki yenyewe, wala si muhtasari wa mweka hazina, inawekwa mbele ya wote. Kiasi ni kidogo. Watu ishirini wakitoa shilingi 200 kwa mwezi ni 4,000, na hizo zinatosha chai, mahamri, kuchapisha kurasa, na kumsaidia nauli mwenzetu anayekwenda kutetea tasnifu. Kuna waliopendekeza tukopeshane kwa riba ndogo. Nilipinga na ningepinga tena. Vyama vya kukopeshana tunavyo vingi mjini na vinafanya kazi yake. Deni likiingia kati ya watu wawili, hawasomeani tena kurasa kwa ukweli.

Vyama vya kimataifa vina faida kwetu?

Vingine. AIESEC, iliyoanzishwa Ulaya 1948, hupeleka vijana nchi nyingine kufanya kazi na kujitolea, lakini ni ya umri wa miaka 18 hadi 30, na wengi wetu wa MBA tumeshavuka. Enactus, iliyoanza Marekani 1975, huwaunganisha wanafunzi kwenye miradi ya biashara inayogusa jamii, nayo ina timu katika vyuo vya Kenya. Beta Gamma Sigma ya 1913 huombi kuingia. Unaalikwa kwa alama zako, tena kwa vyuo vyenye ithibati ya AACSB pekee, shirika la kimataifa linalothibitisha ubora wa vyuo vya biashara, kwa hiyo usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kukuingiza.

Ninachokipendekeza kwa moyo wangu wote ni mashindano ya Hult Prize, ambayo timu inayoshinda imekuwa ikipewa dola milioni 1 kuanzishia biashara yake. Sisemi mtashinda. Nasema maandalizi yake yanawalazimisha kutafuta tatizo la kweli na kuliwekea hesabu, na matatizo ya kweli tunayo: kila msimu maembe yanaoza chini ya miembe kule Magarini, na huku mjini juisi ya pakiti inauzwa. Mwanafunzi wa biashara anayepita hapo kila wiki na hajawahi kuhesabu nauli ya gunia moja hadi Malindi ana kazi ya kufanya.

Kuna mtu anaandikia watu tasnifu kwa malipo. Chama kinasemaje?

Hatumpokei anayeandika wala anayeandikiwa. Mtu akitushirikisha mapema kwamba amekwama, tutakaa naye usiku kucha. Kurasa zilizonunuliwa hatuzisomi.

Programu za takwimu ni ghali. Mnatumia nini?

SPSS ni ya kulipiwa, na wengi huitumia kwenye kompyuta za chuo. Sisi tunafundishana R, ambayo ni bure, na kwa hojaji zinazojazwa kwenye simu tunatumia KoboToolbox, ambayo unaweza kujazia hata pasipo na mtandao na kutuma ukifika penye mtandao. Huko Gongoni hiyo ni muhimu. R inatisha siku mbili za mwanzo, baadaye unazoea.

Kundi la WhatsApp halitoshi?

Linatosha kutangaza mkutano. Halitoshi kusomeana kazi, kwa sababu mtu huandika "safi sana" bila kufungua faili. Na hojaji zilizojazwa, zenye majina au namba za simu za watu, zisiwekwe humo kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamgusa mwanafunzi kama inavyoigusa kampuni, na mhudumu aliyekwambia anachokifikiria kuhusu bosi wake amekuamini.

Mimi niko Lamu. Naweza kujiunga?

Karibu sana. Hatukutarajii kila mwezi. Kutoka kisiwani uvuke hadi Mokowe, kisha barabara ya zaidi ya kilomita 200, si safari ya jioni moja. Wenzetu wa Lamu hutuma kurasa siku tatu kabla, nasi huwapigia simu wakati wa mkutano na kuwasomea maoni. Njoo ana kwa ana mara mbili kwa mwaka, inatosha.

Nawaomba msikimbilie mada za hoteli za Malindi kwa kuwa zina vitabu vingi. Mnazo zenu. Gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa Mei 2021. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na bidhaa ndani yake bado zinabebwa na punda. Gharama ya kufikisha mfuko mmoja wa saruji kutoka Mokowe hadi ndani ya mtaa wa Langoni, mkono kwa mkono, jahazi, hamali na punda, ni sura nzima ya tasnifu, na anayeweza kuiandika vizuri ni mtu anayewajua wenye punda kwa majina.

Nimeshahitimu. Bado nina nafasi?

Ninyi ndio tunaowahitaji kuliko wote, hasa miaka miwili ya mwanzo, kabla hamjasahau maumivu. Hakuna ada kwenu. Tunaomba msome.

Mkutano ukoje, na nije na nini?

Njoo na nakala mbili za ulichoandika, hata ukurasa mmoja, zilizochapishwa kwa mistari iliyoachana, na kalamu. Nakala moja unampa aliyekaa kushoto kwako, nawe unapokea ya aliye kulia. Dakika 40 ni kimya, simu zote ziko kwenye kikapu cha ukindu karibu na mlango. Baada ya hapo anayezungumza kwanza ni msomaji. Anasema kwa maneno yake ameelewa nini, na mwandishi haruhusiwi kumkatiza, hata akiona ameeleweka vibaya. Akieleweka vibaya, tatizo liko kwenye ukurasa.

Kisha chai. Kabla ya kuondoka kila mtu anaandika kwenye daftari idadi ya kurasa atakazokuja nazo mwezi unaofuata, mbele ya jina lake. Andika unayoiweza. Mara yangu ya kwanza niliandika kumi nikaja na tatu, na mzee mmoja wa benki, Mungu amlipe, alizisoma hizo tatu mara mbili na kuzijaza wino pembeni kama vile zilikuwa kumi. Ukiwa huna hata moja, njoo hivyo hivyo, usome za mwenzako.